Rafu ya Kezilahabi: shajara ya mradi

Aprili

Hatimaye kikundi chetu cha wasomaji tumekubaliana. Rafu ya juu kwenye chumba chetu cha kusomea hapa Kirumba, Mwanza, itakuwa ya Euphrase Kezilahabi peke yake: riwaya, mashairi, tamthilia na hadithi fupi. Kila kitabu kitakuwa na kadi ya maelezo, iandikwe na mwanachama aliyekisoma mpaka ukurasa wa mwisho. Kazi ikiiva tutafungua milango jioni moja tusome kwa sauti kazi yake mojawapo mbele ya watu. Ipi, bado tunabishana.

Mwanza kila mtu anamdai. Kazaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, kasoma seminari ya Nyegezi, na alipofariki Januari 2020 simu za watu huku zilijaa picha yake. Lakini muulize huyo anayemdai amesoma nini. Aliyeishia kidato cha nne atakwambia Rosa Mistika. Aliyefika kidato cha sita ataongeza Nagona, "kile kigumu". Anayejua mashairi yake hajawahi kusikia habari za Kaptula la Marx. Kila mmoja ana Kezilahabi wa mtihani wake, na huyo wa mtihani ana dhamira, ana maudhui, ana "ujumbe kwa jamii", ila siasa hana. Wamemnyoa.

Ninachotaka rafu ionyeshe ni kwamba mtu huyu aligombana na nchi yake, kwa mapenzi, kuanzia kitabu cha kwanza hadi cha mwisho, na kila alipohama kutoka riwaya kwenda shairi au tamthilia alikuwa anatafuta namna nyingine ya kuusema ugomvi uleule. Wenzangu wengine wanaona namtwisha mzigo wangu. Tutaona vitabu vyenyewe vitasema nini.

Orodha ya kuanzia, kwa mwaka wa kuchapishwa: Rosa Mistika 1971, Kichwamaji na diwani ya Kichomi, zote 1974, Dunia Uwanja wa Fujo 1975, Gamba la Nyoka 1979, Karibu Ndani, diwani ya pili, 1988, Nagona 1990, Mzingile 1991, Kaptula la Marx 1999, Dhifa, diwani ya tatu, 2008. Hadithi fupi ziko huku na huko kwenye majarida na mikusanyiko: "Wasubiri Kifo", "Mayai Waziri wa Maradhi", "Cha Mnyonge Utakitapika Hadharani". Hata ukisoma majina tu ya hizo hadithi unajua huyu bwana alikuwa na hasira na nani.

Seremala kaleta rafu. Imepinda kidogo kushoto. Tumeweka kipande cha boksi chini.

Mei

Kutafuta vitabu. Rosa Mistika haina shida, wauza vitabu vya mitumba wanayo, imeandikwa majina ya wanafunzi kwa wino wa kila rangi. Kichwamaji na Dunia Uwanja wa Fujo tumepata kwa wanachama. Mzingile imeletwa na dada mmoja anayefundisha sekondari, kwa masharti kwamba isitoke chumbani. Tumekubaliana pia kwamba hatutoi kopi ya kitabu kizima hata kama hakipatikani. Tutakopeshana, tutasubiriana.

Gamba la Nyoka ndiyo iliyonifurahisha. Nilielekezwa kwa mwalimu mstaafu kule Nyegezi. Nikamwamkia, akaitika marahaba, akaniacha nimekaa barazani muda mrefu mpaka nikadhani kasinzia huko ndani. Akatoka na kitu kimefungwa kwenye gazeti. Jalada la asili lilishakatika zamani. Mahali pake kagundisha kipande cha faili la kijani la ofisini, lile lenye tundu la kamba, na juu yake kaandika jina la kitabu kwa herufi za mwalimu wa shule ya msingi, zimenyooka kama wanafunzi mstarini.

Ndani kuna maandishi ya penseli. Si ya mwanafunzi anayetafuta tamathali za semi. Hayo ni maandishi ya mtu anayejibizana na kitabu. Penye habari za watu kuhamishwa kwa nguvu kwenda vijiji vya ujamaa, pembeni kaandika "Kweli". Ukurasa mwingine: "Kweli, na zaidi." Mahali pengine kapiga mstari wa wima na kuandika: "Hapana. Kwetu hawakuchoma, walibomoa paa tu." Nikamuuliza, Mwalimu, haya uliyaandika lini? Akasema, "Siku niliyokinunua, mwanangu. Mwaka 1974 mimi nilikuwa kijana mwenye daftari. Nilikuwa naandika majina ya kaya."

Hakuendelea, na mimi sikumsukuma. Kakubali kuwa mwanachama. Kakubali na kuandika kadi ya kitabu hicho, kwa sharti kwamba nisimsahihishe.

Mwisho wa Mei

Mkutano wa Rosa Mistika. Ulitakiwa kuwa mfupi kwa sababu wote tumekisoma. Ukawa mrefu kwa sababu hiyohiyo.

Kwa asiyekijua: Rosa ni binti wa Zakaria na Regina wa Namagondo. Zakaria ni mlevi, na anamchunga binti kwa fimbo. Barua moja ya mapenzi kutoka kwa Charles inamponza Rosa kipigo. Anakwenda shule ya bweni akiwa hajui kitu kuhusu wanaume, na wanaume wanaomfundisha ni wale wenye vyeo, akiwemo mkuu wa chuo cha ualimu. Anapomrudia Charles, Charles anamkataa kwa kuwa si bikira. Rosa anajiua.

Kitabu kilipotoka kilipigwa marufuku mashuleni, eti kinaharibu maadili. Baadaye kikaingia kwenye orodha ya vitabu vya kusomwa, na hapo ndipo kilipotulizwa: kikawa kitabu cha kuwaonya wasichana. Mama mmoja anayeuza vitambaa, aliyekisoma akiwa kidato cha tatu, alisema shuleni waliulizwa "taja makosa ya Rosa" na hakuna siku waliyoulizwa taja makosa ya mkuu wa chuo. Hilo tumeliandika kwenye kadi kama lilivyo.

Binti mdogo kuliko sote, yuko mwaka wa pili chuoni, akaongeza jambo ambalo sikuwa na jibu lake: "Mwandishi kamhurumia Rosa, halafu kamuua. Hakumtafutia mlango mwingine." Ni kweli, na si Rosa peke yake. Katika Kichwamaji, Rukia, mdogo wake Kazimoto, naye analipa kwa uhai wake kwa aliyotendewa na Manase. Kezilahabi wa mwanzo anawaona wanawake wanavyoumizwa kuliko waandishi wengi wa wakati wake, lakini kuwatoa salama hajui. Kadi itasema hivyo. Hatukuweka rafu ili tumuabudu mtu.

Juni mwanzoni

Kadi ya Kichwamaji imerudishwa kwa aliyeiandika. Kasimulia hadithi yote, mpaka yule mtoto wa kichwa kikubwa na mwisho wa Kazimoto. Kadi isimalize utamu. Tumemwomba aeleze jambo moja tu: Kazimoto ni mwanafunzi wa chuo kikuu, Manase ni rafiki yake wa utotoni ambaye sasa amekalia kiti cha madaraka, na miaka 10 na ushei tu baada ya uhuru hawa wasomi wawili, waliotakiwa kuijenga nchi, ndio wanaouleta ugonjwa nyumbani. Ugonjwa wenyewe kwenye kitabu ni wa kweli, wa mwili. Usomaji wa shuleni huukimbilia kama "ishara". Mimi naona ukiufanya ishara mapema unamwachia Manase aponyoke.

Dunia Uwanja wa Fujo nimeichukua mwenyewe kwa kuwa ndiyo riwaya yake ninayoipenda kuliko zote. Nanakili kadi kama ilivyobandikwa:

"DUNIA UWANJA WA FUJO, 1975. Tumaini, kijana wa Ukerewe, anakula ujana wake kwa starehe, kisha anahamia Shinyanga, anaanza kulima kweli, anatajirika. Ujamaa unafika shambani kwake. Anamuua kiongozi wa serikali na anahukumiwa kifo. Soma ukijua hili: siku ya Krismasi mwaka 1971, huko Isimani, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, aliuawa kwa risasi na mkulima Said Mwamwindi. Mwamwindi alinyongwa. Jiulize mwandishi amekuweka upande gani, na kama hujui, rudi sura za mwanzo uone alivyokuzoesha kumpenda Tumaini kabla hajakuonyesha bunduki."

Mwenzetu mmoja hataki Klerruu atajwe kwenye kadi. Anasema tunaifanya riwaya kuwa gazeti. Hoja yake ina uzito, maana Kezilahabi hakuandika habari za Iringa. Kaandika mtu wa kwao, kampa utoto na wazazi, kampa na makosa ya kijinga. Lakini msomaji wa 1975 alikuwa na tukio hilo kichwani, na msomaji wa leo hana. Kadi kazi yake ni kumpa. Imebaki.

Wiki ya Sabasaba

Tumeongezewa rafu ya pembeni kwa ajili ya ramani. Kijana wetu fundi wa mabango kachora Ukerewe kwenye karatasi ya manila: Nansio, Bugolora, Namagondo, kivuko cha Rugezi kutoka Kisorya, na maji pande zote. Inashangaza sehemu kubwa ya riwaya hizi inavyoenea kisiwa kimoja. Hata vijiji vya Kisole na Bucho kwenye Gamba la Nyoka msomaji wa huku anavisikia ni vya nyumbani.

Na kisiwa hichohicho ndicho cha Aniceti Kitereza, aliyemaliza kuandika habari za Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, na chapa ya Kiswahili ikasubiri mpaka 1980. Watu wawili, kisiwa kimoja. Mmoja anasimulia Ukerewe kabla ya mkoloni, kwa utulivu, vyungu na uvuvi na mahari. Mwingine anaichukua ikiwa imeshavurugwa. Tumeweka nukta ya rangi nyingine kwa Kitereza. Yeye ni mradi mwingine kabisa. Nisianze.

Kikao cha Kichomi kimekuwa cha kelele. Mmoja wetu ni malenga wa kweli, tungo zake zinasomwa redioni, vina na mizani mezani kwake ni kama chumvi. Alikuja na Kichomi mkononi akaifungua, akasoma beti mbili, akauliza: "Sasa hapa mmesema ni shairi?"

Basi tukajikuta tumo ndani ya ugomvi wa miaka ya 1970 bila kualikwa. Kichomi ilipotoka 1974, na utangulizi wake wa kutetea shairi lisilofungwa na vina wala mizani, lenye lugha ya watu wanavyozungumza, ilileta mtafaruku. Upande wa mageuzi walikuwapo pia Mulokozi na Kahigi, ambao Malenga wa Bara yao ilifuata 1976. Upande wa pili walisimama watu wazito wa pwani na wa bara waliosema shairi bila arudhi, yaani kanuni za vina na mizani, ni mazungumzo yaliyokatwakatwa. Malenga wetu yuko upande huo na hana haja ya kushawishiwa.

Nikamwomba asome "Dhamiri Yangu" kwa sauti, taratibu, asihesabu mizani. Ni lile ambalo msemaji amefungwa na dhamiri yake shingoni kama mbuzi mtini: kamba inampa nafasi ya kuzunguka, anaona majani ya mbali asiyoweza kuyafikia. Akasoma. Akanyamaza, akalisoma tena kimoyomoyo, midomo inacheza. Kisha: "Hili lina pumzi. Shairi nakataa, lakini lina pumzi."

Tumempa aandike kadi ya Kichomi yeye. Wengine wameshangaa kwa nini kazi apewe mpinzani. Kwa sababu ndiye pekee aliyekisoma kwa hasira, na hasira inasoma kwa makini. Kadi yake inaanza hivi: "Mtunzi huyu aliacha vina kwa makusudi, asidhaniwe alishindwa." Kwangu hiyo inatosha.

Nimeanza kuona jambo kuhusu mashairi na siasa. Kwenye riwaya Kezilahabi lazima amtafutie mtu kazi na ukoo, ampe kosa na hukumu. Kwenye shairi anasema "mimi" na anasimama peke yake mbele ya kitu kikubwa kuliko yeye. Katika Karibu Ndani, miaka 14 baada ya Kichomi, yule "mimi" wa Kichomi aliyekuwa akihangaika na dhamiri yake sasa anaangalia nchi nzima iliyochoka.

Julai

Mwalimu kaleta kadi ya Gamba la Nyoka. Kaandika kwa mkono pande zote mbili, na kwa kuwa nimeahidi, sikugusa. Kiini chake: mwaka 1974, Operesheni Vijiji, wanakijiji wanahamishwa kwa nguvu, Mambosasa na Mamboleo, vijana wasomi, wanatakiwa kuupeleka ujamaa kwa watu walioupokea kwa virungu. Nyoka anavua gamba. Swali ni kama kilichobaki ndani ni nyoka mwingine au ni yuleyule.

Nilimwambia kwenye kikao kwamba kwangu hiki ni kitabu cha kuupinga ujamaa na kwamba ajabu ni kuwa kiliruhusiwa kutoka 1979. Aliniangalia vile walimu wanavyomwangalia mwanafunzi aliyejibu haraka.

"Kezilahabi hakupinga ujamaa, mwanangu. Alipinga kiboko. Wewe umezaliwa wakati vyote viwili vimeshaondoka, ndiyo maana unaona ni kitu kimoja."

Nilirudi kukisoma upya na jibu lake kichwani. Kwa sehemu kubwa anasema kweli. Riwaya haiwatetei waliokuwa nacho. Wazee wanaopinga kuhama hawakufanywa mashujaa wasio na doa, wana ubinafsi wao na ushirikina wao. Kinachochekwa ni namna: amri kutoka juu, askari, hotuba, na wasomi ambao wamekariri maneno ya vitabu na hawajui kushika jembe. Ndiyo maana naona si sahihi kusema, kama nilivyosikia wengi wakisema, kwamba Kezilahabi alikimbilia riwaya ngumu za baadaye kwa kuogopa serikali. Alichokisema mwaka 1979 kilikuwa wazi na kilichapishwa. Kilichobadilika baadaye ni swali. Zamani aliuliza nani ameharibu. Kufikia 1990 anauliza ukweli wenyewe unapatikana wapi, na ni nani aliyetupa hakika ya kuhamisha watu kwa ajili yake.

Hapo ndipo Nagona inapokaa. Msimulizi asiye na jina yuko safarini kutafuta kiini, anapita kwenye miji ya watu waliokufa wakiwa hai, anakutana na wanafalsafa. Mwaka 1985 Kezilahabi alikuwa amemaliza udaktari wake Wisconsin, Marekani, akiandika juu ya falsafa ya Kiafrika na tafsiri ya fasihi, na inaonekana. Nitasema wazi: Nagona ina msongamano. Wale wazungu wenye majina makubwa wananichosha, na baadhi ya mazungumzo yao yananifanya nitamani Zakaria aingie amelewa aombe moto wa sigara. Mzingile, iliyofuata 1991, ina wahusika wachache na hofu nyingi zaidi: dunia baada ya maangamizi, mzee mmoja, njia zisizofika. Ile nimeisoma usiku mmoja na sikuweza kulala vizuri. Kama mtu ana nafasi ya kusoma moja tu kati ya hizi mbili, achukue Mzingile. Dada wa sekondari hakubaliani nami hata kidogo na ameandika kadi ya Nagona kwa mapenzi makubwa, haya, zote ziko ukutani.

Wanaosema vitabu hivi viwili vimeacha siasa wangesoma tena. Msafiri wa Nagona anatembea katika nchi ambayo watu wake wamekubali kunyamaza. Mtu aliyetoka kuandika Gamba la Nyoka hawezi kuandika ukimya wa namna hiyo bila kujua anasema nini.

Baada ya Nanenane

Tumepiga kura: jioni ya wazi tutasoma sehemu za Kaptula la Marx. Sababu kubwa ni kwamba inachekesha, na watu wa mtaani hawatakuja kusikiliza Mzingile kwa hiari.

Rais Kapera na mawaziri wake wako safarini kuelekea Usawa, na Rais amevaa kaptula ya Marx, ambayo ni kubwa mno kwake. Basi. Ni wazo linaloweza kuelezwa kwa mtoto, na ukilifikiria unaona limebeba miaka 10 nzima ya siasa.

Kaptula yenyewe ilibidi ishonwe. Fundi wetu ana cherehani chini ya mwembe karibu na stendi. Mazungumzo yalikuwa hivi:

"Kiuno inchi ngapi?"

"Sitini, fundi."

"Sitini! Ya nani hiyo?"

"Ya Rais."

"Rais gani kanenepa hivyo?"

"Rais ni mwembamba. Kaptula ndiyo kubwa. Aliivua mtu mwingine, mzungu mmoja wa zamani."

Akaweka futi ya kupimia mezani, akafikiri. "Sasa huyu si atakuwa anaishikilia kwa mikono miwili kutwa nzima? Kazi atafanya saa ngapi?"

Nimesoma makala za wasomi kuhusu tamthilia hii. Hakuna iliyonisaidia kama swali hilo. Tukaligeuza kuwa uigizaji: msomaji wetu wa nafasi ya Kapera hashiki kitabu. Mikono yake yote miwili imeshika kaptula tangu mwanzo mpaka mwisho, na waziri mmoja ndiye anayemshikia karatasi ya kusoma. Akisalimiwa hawezi kutoa mkono. Kwenye mazoezi tulicheka mpaka mama wa vitambaa akalazimika kutoka nje.

Fundi kaalikwa. Kakataa malipo ya uzi.

Septemba

Jioni imefanyika. Viti havikutosha, watu wakakaa kwenye ngazi. Mvua ilitishia ikapita upande wa ziwani. Kapera aliiachia kaptula mara moja, kwa bahati mbaya, na ukumbi wote ukadhani ni sehemu ya mchezo.

Baadaye kijana wa bodaboda aliuliza swali ambalo ndilo lililotuletea shida tuliyo nayo sasa: "Hii iliandikwa wakati wa nani?" Kila mmoja wetu akajibu lake. Tamthilia ilichapishwa 1999, na kwa mpangilio wetu wa miaka ya kuchapishwa imekaa baada ya Mzingile. Ukiisoma hapo inaonekana kama mzaha wa mtu aliyesubiri mambo yapite: vyama vingi vimerudi tangu 1992, Azimio la Arusha limeshalegezwa Zanzibar mwaka 1991, hakuna anayevaa tena kaptula ile. Mwaka huohuo wa 1999 ndio Mwalimu Nyerere alifariki, na msomaji akiangalia tarehe hizo mbili anaweza kudhani lolote. Lakini iliandikwa mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati Gamba la Nyoka inaandaliwa, wakati kaptula yenyewe bado inavaliwa. Ukiisogeza pale, inakuwa kitu kingine kabisa: mtu anacheka ndani ya nyumba ambayo mwenye nyumba bado yumo.

Na hapo nimelazimika kupunguza ukali wa nilichosema Julai. Riwaya ilitoka, tamthilia ilikaa miaka 20. Jambo lilelile, mtu yuleyule. Riwaya mtu anaisoma kitandani peke yake. Tamthilia inataka watu mia wacheke pamoja kwa sauti, na kicheko cha namna hiyo kinasikika mbali. Sidai kwamba najua kila kilichoichelewesha. Nasema tu kwamba nani angeichapisha 1978, na nani angekodi ukumbi.

Kadi zote sasa zinabeba miaka miwili panapowezekana, wa kuandikwa na wa kuchapishwa. Mahali pa kukaa kitabu chenyewe ndipo pamegawa kikundi. Mwalimu anataka Kaptula la Marx ihamie ikae bega kwa bega na Gamba la Nyoka. Dada wa sekondari anasema wasomaji waliipata 1999, kwa hiyo ndipo ilipoanza kuishi, na tukianza kuhamisha vitabu kwa miaka ya kuandikwa tutavihamisha vyote. Malenga anapendekeza tununue nakala mbili tuweke kote, na kila mtu kamwangalia mweka hazina.

Yanayobaki: Dhifa ina nakala moja na imeazimwa na mtu ambaye hapokei simu, hiyo ni diwani aliyoitoa akiwa anafundisha Botswana, na kadi yake haiwezi kuandikwa kwa kumbukumbu. Hadithi fupi zinahitaji faili maalumu, "Mayai Waziri wa Maradhi" iwe juu. Ndugu mmoja aliyeko Marekani ameahidi kutuletea Stray Truths, mashairi teule kwa Kiingereza yaliyotoka huko 2015, ili tulinganishe. Kadi ya Kichwamaji imerudi, sasa ni fupi, sasa ni nzuri.

Kura ya Kaptula ni Jumamosi. Mimi niko na Mwalimu, na nimeanza kuwapigia watu simu.